Barua ya wazi: Mpira unaobaki kwenye lami ya Nairobi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi,
Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Kwa wakuu wa mamlaka za barabara KURA na KeNHA, mamlaka ya mazingira NEMA, shirika la viwango KEBS na mamlaka ya usalama barabarani NTSA,

Natumai barua hii inawapata mkiwa buheri wa afya.

Mimi ni fundi wa tairi. Kibanda changu kiko kando ya Jogoo Road, upande wa Makadara, na hapo nimeziba pancha na kutia upepo kwa miaka 19. Sina cheo wala chama. Nawaandikia kwa sababu ya vumbi la tairi zinazosagika barabarani, jambo ambalo limepita mikononi mwangu kila siku na ambalo nilichelewa kulitambua.

Kila Jumamosi huja kwangu fundi wa akala, vile viatu vya tairi, kutoka Gikomba kununua tairi zilizochakaa. Huzichagua kama mtu anayechagua nyama buchani. Huigonga tairi kwa kifundo cha kidole, akaikunja ukingo, akaitia ukucha. Iliyoisha kabisa huisukuma kando na kusema, "Hii haina nyama." Miaka mingi nilimsikia akisema hivyo nikaendelea na kazi yangu. Siku moja neno lake lilinikaa. Nikaazima mizani ya jirani anayenunua vyuma chakavu, nikapima tairi mpya ya matatu ya abiria 14, kisha nikapima nyingine ya aina ileile, saizi ileile, iliyokwisha kuwa kipara. Tofauti ilikuwa karibu kilo moja na nusu.

Matatu ina tairi nne. Kilo sita za mpira zimetoka kwenye gari moja, na hakuna mtu aliyeziokota. Tairi kuukuu ikibaki nzima itapata mtu wa kuitaka: atachonga akala, atafunga mzigo mkokotenini, atapandia maua. Ile nyama iliyoliwa na lami ndiyo haina mwenyewe. Imekwenda wapi?

Imebaki barabarani, na kutoka barabarani inatufikia. Wataalamu huita vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5 maikroplastiki, na vumbi la tairi limo katika hesabu hiyo. Wengi hudhani tairi ni utomvu wa mti wa mpira tu. Utomvu umo, ila umechanganywa na mpira unaotengenezwa kwa mafuta ya petroli, masizi ya kuupa weusi na nguvu, zinki, na kemikali za kuuzuia usipasuke kwa jua na hewa. Gari likikata kona, likifunga breki, likiondoka kwa kishindo, lami husugua ule mchanganyiko kama mbuzi inavyokuna nazi. Chembe nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Zile nyepesi kabisa huelea hewani tukazivuta, na zilizo nzito huanguka palepale kando ya barabara zikingoja mvua.

Mnaweza kuziona. Simameni kwenye stendi yoyote ambapo matatu hufunga breki kwa nguvu, mloweshe kidole gumba kwa maji, mkipitishe kwenye ukingo wa saruji ulio usawa wa gurudumu. Kitatoka cheusi. Sasa sugueni ule weusi baina ya vidole viwili. Udongo ungekwaruza kama mchanga. Huu hujiviringa ukawa vijiti vidogo vyeusi, laini, mfano wa makombo ya kifutio mtoto anapofuta daftari. Nimefanya hivyo pale Makadara asubuhi nyingi, na nikitazama juu naona mama aliyeinamia jiko lake la mahindi hatua tatu kutoka hapo, na nyuma yake msururu wa watu wanaokwenda kazini Industrial Area kwa miguu. Wasio na gari hata moja ndio wanaotembea ndani ya vumbi hili kutwa.

Mwaka 2017 shirika la uhifadhi la IUCN lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba katika maikroplastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni ndogo, asilimia 28 hutokana na kusagika kwa tairi. Nguo za nyuzi za kutengenezwa pekee ndizo zilizoitangulia, kwa asilimia 35. Mwaka huohuo watafiti wengine walikadiria kwamba duniani kote kila mtu, mwenye gari na asiye nalo, huhesabiwa wastani wa gramu 810 za vumbi la tairi kwa mwaka. Hilo si jambo dogo, Waheshimiwa. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, dunia ilitutazama kwa heshima. Mifuko ilikuwa inaonekana, imenaswa kwenye miiba na kuziba mitaro. Plastiki hii nyingine hainaswi popote, ndiyo maana imetupita.

Mvua za masika na vuli ndizo zinazoisafirisha. Kabla ya mvua ya kwanza barabara hukaa wiki nyingi ikikusanya weusi. Siku mvua inaponyesha, maji ya dakika za mwanzo hushuka mtaroni yakiwa rangi ya mafuta ya injini yaliyotumika. Mitaro yetu haina kichujio. Huteremka hadi mtoni. Mto Mathare, mto Ngong na mto Nairobi hukutana mashariki mwa jiji, ikawa mto mmoja unaopita Ruai na kuingia mto Athi, na Athi ukashuka hadi ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika Bahari Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Mvuvi wa kule hajawahi kuiona Jogoo Road. Njiani kuna mashamba ya sukuma wiki yanayonyweshwa maji hayohayo, na sukuma hiyo hurudi kuuzwa kwetu mitaani.

Najua kuna atakayesema mto Nairobi ulikwisha kufa zamani, vumbi la tairi litauongezea nini? Namjibu hivi. Kule magharibi mwa Marekani, jimbo la Washington, samaki aina ya koho walikuwa wakirudi kwenye vijito vya mjini kutaga mayai, na kila mvua iliponyesha walikufa kwa wingi kabla hawajataga. Watu waliuliza sababu kwa miaka mingi. Desemba 2020 watafiti walichapisha jibu katika jarida la Science: muuaji alitoka kwenye tairi. Kuna kemikali iitwayo 6PPD inayotiwa kwenye mpira ili usipasuke. Ikikutana na ozoni iliyo hewani hugeuka kitu kingine, na kitu hicho ndicho kilichoua samaki kwa saa chache. Mimi naijua kazi ya dawa hiyo kwa macho yangu. Tairi iliyokosa kinga, ikikaa juani, huota nyufa kama kisigino cha mkulima. Sikujua kwamba kinachoilinda tairi kinaweza kuua kiumbe majini. Samaki wetu si koho. Lakini dawa hiyo hutiwa kwenye tairi dunia nzima, na mto tunaosema tunataka kuufufua ndio tunaoumwagia.

Sasa nije kwenye yaliyo mikononi mwenu. Nitaanza na ninaloliona kila saa, maana hapo ndipo pana nafuu ya haraka na ya bei rahisi.

Tairi nyingi za mji huu zinakufa kabla ya siku zao. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hulala, ikala mabega yote mawili na kupata joto. Iliyojazwa kupita kiasi hula katikati. Magurudumu yasiyotazama mbele sawasawa, yaani gari linalohitaji alaimenti, husaga meno ya tairi upande mmoja. Ukipitisha kiganja kuelekea ndani ni laini, ukikirudisha unahisi msumeno. Nikiishika tairi namna hiyo najua mwezi mzima uliopita gari limekuwa likipaka mpira barabarani bila sababu. Namwambia dereva. Ananijibu, "Mzee, weka upepo tu nifike tao." Simlaumu sana. Ana hesabu ya mwenye gari ya kupeleka jioni, na nusu saa ya kunyoosha magurudumu ni safari moja aliyoikosa. Hata kipimo cha upepo ni tabu: wengi wetu mafundi tunakadiria kwa teke na kwa mlio wa nyundo. Mimi nilinunua kipimo miaka sita iliyopita, na nilishangaa nilivyokuwa nikikosea.

Kwa hiyo naomba hivi. Wekeni kompresa zenye vipimo sahihi kwenye stendi kubwa, Muthurwa, Koja, Railways, matatu na bodaboda zipime bure. Kila sako, yaani chama cha wenye matatu, iwe na daftari la upepo, gari lipimwe angalau mara moja kwa wiki tairi zikiwa baridi, kabla ya safari ya kwanza. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria uangalie alaimenti kwa makini uleule wa breki. Na mtupe sisi mafundi wa kando ya barabara mafunzo ya siku mbili na kipimo kimoja kimoja. Tuko maelfu. Hakuna afisa anayegusa tairi nyingi kama sisi. Mwenye gari naye atafaidika, kwani tairi itadumu na mafuta yatapungua, hivyo hamtalazimika kumfukuza na rungu.

Mashimo nayo ni sehemu ya jambo hili. Gurudumu likitumbukia kwenye shimo kwa kishindo, alaimenti huharibika siku hiyohiyo. Tuta lisilopakwa rangi, linalomshtukiza dereva usiku, humfanya afunge breki mpaka tairi ilie, na mlio ule ni mpira unaotoka. Nikiwaona wanaziba shimo mbele ya kibanda changu kwa udongo na kokoto, mvua moja ikazoa kila kitu, huwa nahesabu: wiki hii nitapata wateja, na mto utapata chakula chake. Ningependa kukosa wateja wa namna hiyo.

Halafu kuna mtaro. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo roho inaponiuma.

Mwaka jana kabla ya masika walikuja vijana kuzibua mtaro ulio nyuma ya kibanda changu. Walifanya kazi kwa bidii siku mbili, wamezama magotini, wakitoa tope jeusi lililokuwa zito kama uji wa lami. Nililishika. Lilikuwa limejaa vile vijiti vidogo nilivyowaeleza. Wakalirundika ukingoni, hatua moja kutoka mtaroni, wakaenda. Lori la kulizoa halikuja. Rundo likakauka, upepo ukalipeperusha kwenye mboga na nguo zilizoanikwa, na siku ya tisa mvua ikanyesha ikalirudisha lote lilikotoka. Vijana wale walilipwa jasho lao, na tope likapata likizo ya siku tisa tu.

Tope la mtaro wa barabara kuu lihesabiwe kama taka yenye sumu, kwa sababu lina zinki, mafuta na mpira. Lizolewe siku ileile linapotolewa, lipelekwe mahali palipotengwa, lisitumike kujaza viwanja wala bustani za watu. Na lizolewe kabla ya katikati ya Machi na kabla ya Oktoba, si baada ya barabara kufurika. Kuhusu kufagia, kina mama wanaofagia alfajiri kwa mifagio ya njiti wanafanya kazi ya heshima, lakini mfagio mkavu huinua chembe nyepesi zikawaingia wao wenyewe vifuani. Wapeni barakoa nzuri, lami inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na kwenye barabara kuu zinunuliwe mashine za kunyonya vumbi zipite usiku, zianzie kwenye mizunguko, kwenye taa na kwenye miteremko, maana huko ndiko breki na tairi huliwa zaidi.

Mtaro pia unaweza kujengwa uchuje. Huko San Francisco, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maji ya mvua ndiyo mlango mkubwa wa maikroplastiki kuingia ghuba yao, na karibu nusu ya chembe zilizonaswa kwenye maji hayo zilikuwa vipande vyeusi vya mpira. Walipojaribu bustani ndogo zilizochimbwa kando ya barabara, zenye mchanga, udongo maalumu na mimea, maji yakipita humo yaliacha zaidi ya asilimia 90 ya chembe. Hilo ni shimo lenye majani, Waheshimiwa. Nafasi tunazo. Kuna vipande virefu vya ardhi kando ya Outer Ring, na kuna maeneo makubwa ya udongo mtupu chini ya sehemu zilizoinuliwa za barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Badala ya kumwaga saruji kila mahali, chimbeni bustani za kuchuja mahali maji yanapoteremka, na mpande majani ya kwetu yanayostahimili kiangazi. Udongo wa juu utabadilishwa baada ya miaka, na hiyo ni kazi kwa vijana wa mtaa.

Kwenu KEBS nina ombi moja. Kiwanda kikubwa cha tairi hapa Nairobi kilifungwa mwaka 2016, na tangu hapo karibu kila tairi ninayofunga imekuja kwa meli. Mzigo huo hupitia mlango mmoja mkubwa, bandari ya Mombasa, na ninyi mna utaratibu wa kukagua bidhaa hata kabla hazijapakiwa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya Euro 7, ambayo kwa mara ya kwanza inaweka kikomo kwa mpira unaotoka kwenye tairi na kwa vumbi la breki, si moshi wa injini peke yake. Kipimo cha kimataifa cha kusagika kwa tairi kipo sasa. Tairi zitakazokataliwa huko zitatafuta soko, na soko hilo linaweza kuwa sisi. Wekeni kiwango mapema, na kila tairi iandikwe kwenye lebo inavyosagika, ili mimi nimwonyeshe mteja kwa kidole. Tofauti kati ya tairi na tairi ni kubwa mno. Nimefunga mbili za bei karibu sawa siku moja kwenye magari ya njia moja, moja ikarudi kipara nyingine ingali na nusu ya meno yake.

Kuhusu magari ya umeme, nayafurahia. Mabasi ya umeme yakipita mbele yangu sifungi pua. Breki zake pia hazichakai sana, kwa kuwa mota yenyewe hulipunguza mwendo. Lakini betri ni nzito, na gari zito linaloondoka kwa nguvu hula tairi. Msije mkatangaza kwamba hewa imekuwa safi kwa sababu moshi umekwisha. Kinachopunguza mpira kwa hakika ni magurudumu machache zaidi barabarani. Treni ya Syokimau, ya Ruiru, ya Embakasi Village hutembea kwa chuma juu ya chuma na haiachi nyama ya tairi kokote. Iongezewe safari, mchana kutwa, si asubuhi na jioni tu. Vituo vya mabasi ya mwendo kasi vilivyoanzwa Thika Road vimalizwe vitumike. Na anayetembea apewe njia ya miguu iliyo mbali na ukingo wa lami, yenye ua wa miti katikati, kwa kuwa chembe nyingi huangukia mita chache za kwanza.

Sheria haiwafungi mikono. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma na mitaro ya maji ya mvua. Yote matano yanakutana kwenye tairi. Tarehe 2 Machi 2022, hapahapa Gigiri, nchi za dunia zilikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Novemba 2023 wajumbe walirudi Nairobi kuujadili. Agosti 2025 walikutana Geneva wakaachana bila mapatano. Tusikae kuwangoja. Kuzoa tope la mtaro wa Makadara hakuhitaji saini ya nchi yoyote ya nje.

Kabla ya fedha kutumika, pimeni. Vyuo vyetu vina maabara na wanafunzi wenye hamu. Wachukue tope la mitaro kumi ya mji huu, wahesabu zinki na mpira uliomo kabla na baada ya mvua, na matokeo yabandikwe mahali wananchi watayasoma. Mwaka unaofuata warudi mitaro ileile.

Mimi niko tayari kuanza na kilicho changu. Kuanzia juma lijalo, gari lolote litakaloingia kwangu nitalipima upepo bila malipo na kuandika tarehe, saizi ya tairi, na kina cha meno. Daftari ni la kurasa 200. Afisa wenu yeyote anaweza kuja kulisoma.

Na ninawaomba mje, hata mmoja wenu, asubuhi ya mvua ya kwanza ya vuli. Nafungua saa kumi na mbili na nusu. Njooni na viatu vya mpira na ndoo nyeupe, tuikinge pamoja pale maji ya Jogoo Road yanapoingia mtaroni, tuiache itulie mpaka chai iishe, kisha tutazame chini yake.

Wenu mwaminifu,
Fundi wa tairi,
Makadara, Nairobi